Mizani ya Saa Moja na Robo

Kabla ya mtu yeyote, naipima mizani yenyewe.
Sindano ilale sifuri, isipepese.
Kisha nalipandisha lile jiwe la kilo ishirini
aliloliacha fundi wa vipimo kutoka Wete;
mizani ikisema ishirini na moja
hapandi mtu, hata awe nani,
mpaka tuelewane, mie na yeye.

Bi Raya Mbarouk anarudi hatua nyuma.
Anakwenda Unguja, bintiye kajifungua,
kabeba halua vikapu viwili.
"Andika sitini, mwanangu. Mie sitini siku zote."
Natoa leso, naufunika uso wa mizani,
nafunua ncha, nasoma peke yangu.
Siri yako ni yangu, bibi.
Lakini sitini siandiki.

Uongo wa adabu nao una kilo zake.

Baba alipima karafuu ghalani, kule Mkoani.
Wakulima hawakumtazama usoni,
walikitazama kidole gumba chake
kama kimeegemea sahani.
Usiku akitunga, vidole vilevile
vilihesabu mizani nyingine, nane kwa nane,
na silabi ikizidi alinung'unika:
"Huu umelemea mkiani. Hauruki."
Nilidhani ni maneno ya watunzi tu.

Sasa nina karatasi yenye safu tatu:
uzito, mkono, na zao la viwili hivyo.
Mkono si wa mtu; ni umbali
toka alama ya mwanzo hadi mzigo ulipokaa.
Aliyecheza ubao wa pembea anayajua haya:
kitoto mwisho wa ubao humnyanyua baba mtu
aliyekaa karibu na gogo.
Kilo ya mkiani si kilo ya puani.

Leo jumla imekubali.
Rubani Zulekha keshafungua kalamu atie saini.
Nami natazama nje, kwa mazoea tu,
naona mguu wa mbele wa ndege umerefuka
kama mtu anayechungulia juu ya ua.

"Faki! Umetia nini nyuma?"
"Betri mbili za sola, za Makame wa Konde.
Nafasi ilikuwapo."

Nafasi si ruhusa, Faki.
Mlango umefungika; hesabu haijafungika.

Betri zinashuka, Makame anapiga kelele,
pua inainama kidogo, si ya kunitosha.
Narudi kwenye karatasi, namba kwa namba,
na hapo naliona kosa la pili,
hili halina Faki wala Makame:
viti vya mstari wa tano
nimevipa mkono wa mstari wa tatu.
Jicho liliteleza.
Jumla ya uzito ilikuwa sahihi kabisa,
ndiyo maana ilinidanganya.

Namwambia Zulekha: nimekosea mie.
Anatazama saa, anatazama njia ya kurukia,
anafunika kalamu.
"Bora umekosea hapa kwenye lami," anasema.
"Haya, anza upya. Nakusubiri."

Naanza upya.

"Bi Raya, njoo mbele, karibu na rubani."
Abiria wanaguna: kapewa kiti cha heshima,
sijui ana nasaba na nani.
Anafunga mkanda, shingo kaisimamisha kama bi harusi,
na sitamwambia kamwe
kwamba ni yeye anayeishikilia pua ya ndege.

Inaondoka. Nahesabu kwa vidole, nane, na nane.
Magurudumu yanaachana na lami
kabla ya alama nyeupe.

Naikunja leso. Sindano iko sifuri.
Nyuma yangu Makame wa Konde kazikalia betri zake,
anauliza nani atamrudishia nauli.